Mbegu milioni 60 lakini haziendi popote: tuongee mwendo na mitokondria

MtuWaHadubini (Moshi)

Wakuu salaam. Kazi yangu ni ya maabara. Kuna jambo linanikera kila wiki, leo nalimwaga hapa.

Mwanaume akikabidhiwa majibu ya kipimo cha mbegu, macho yanakimbilia mstari mmoja tu: idadi. Akiona milioni 60 anakunja karatasi, anatia mfukoni, jioni anamwambia mkewe "mimi niko fiti, kajiangalie wewe". Mstari wa mwendo hata hajausoma. Na mimi niliyeijaza ile karatasi najua kwamba katika hizo milioni 60, nyingi zilikuwa zinatetemeka palepale zilipo.

Mbegu ina kichwa kilichobeba DNA, ina mkia, na kati ya hivyo viwili kuna kipande kifupi ambacho wengi hawakijui. Hapo ndipo mitokondria zilipo, yaani viwanda vidogo vya nishati vya seli, kama 50 hadi 75, zimejiviringisha kuuzunguka mwanzo wa mkia. Mbegu inapotengenezwa kwenye korodani hutupa karibu kila kitu cha seli ya kawaida, lakini hizo mitokondria hubaki nazo. Zinachukua chakula na oksijeni, zinatoa ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ya seli, na protini za mkia ziitwazo daineni zinaivunja ATP hiyo ili mkia upige.

Sasa ubaya. Katika kazi hiyo, sehemu ndogo ya oksijeni huponyoka ikiwa kali. Ikiwa kidogo ina faida, kwa sababu mbegu inaihitaji ili iwe tayari kuliingia yai. Ikizidi inashambulia ngozi ya nje ya mbegu, ambayo imejaa mafuta ya aina inayoharibika upesi. Na kwa kuwa mbegu ilishatupa vitu vyake vya ndani, imebaki na vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kemia mwilini) vichache vya kujikinga. Ngozi ikiharibika, mitokondria nazo zinavujisha zaidi, na hali inazidi kuwa mbaya. Si habari ya jana: John MacLeod wa Marekani alionyesha mwaka 1943 kwamba mbegu za binadamu zikiachwa kwenye oksijeni nyingi hupoteza mwendo, na kwamba kimeng'enya cha katalasi kinaweza kuzikinga.

Kwa hiyo mwendo ukishuka, mitokondria ni za kushukiwa mapema. Lakini mara nyingi zenyewe zimeumizwa na kitu kingine: joto, maambukizi, sigara, mishipa ya korodani iliyovimba. Anayekimbilia vidonge kabla hajatafuta kilichoziumiza anapoteza hela, na kibaya zaidi anapoteza muda wa mkewe. Karibuni.

Kijana_Majengo (Moshi)

Naweka kambi hapa. Muhudumu, mtori mmoja.

DerevaWaNamanga (Arusha)

Mkuu umenigusa. Mimi ni dereva, Arusha–Namanga kila siku ya Mungu. Nina miaka minne kwenye ndoa, bado. Majibu yangu haya hapa: ujazo 2.8, milioni 48 kwa mililita, zinazokwenda mbele 14%, mwendo wote 27%, umbo 5%. Duka moja la dawa limeniuzia kopo la vitamini kwa laki na themanini, wanasema linaamsha mitokondria. Niambie kwa lugha ya gereji: hapo plagi zimechoka au mafuta hayafiki?

MtuWaHadubini (Moshi)

Kwa lugha hiyohiyo mkuu: plagi haifi bure. Kama oili inapanda kwenye silinda, utafunga plagi mpya leo na wiki mbili baadaye imejaa masizi tena.

Turudi kwenye karatasi. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unaweka viwango vya chini hivi: ujazo mililita 1.4, idadi milioni 16 kwa mililita, zinazokwenda mbele 30%, mwendo wote 42%, umbo sahihi 4%. Wewe ujazo, idadi na umbo umepita, ila mwendo uko chini, tena kwa mbali. Lakini usiisome kama hukumu ya kesi. Viwango hivyo vimetokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na mstari ukachorwa pale ambapo asilimia 5 ya wanaume hao walikuwa chini yake. Maana yake hata wao walikuwepo chini ya mstari, na watoto wanao.

Kabla ya yote nijibu haya. Uliitoa sampuli wapi, na ilifika maabara baada ya muda gani? Ulitumia kondomu ya dukani au mafuta yoyote? Uliugua homa miezi miwili mitatu kabla? Unavuta? Na kuna daktari aliyekushika korodani kwa mkono, ukiwa umesimama?

Nauliza sampuli kwa sababu Julai ya Arusha mnaijua. Mtu anatoka Tengeru na kikopo kwenye mfuko wa rambo, kinapigwa na baridi kwenye bodaboda, kinafika saa moja na nusu baadaye. Mbegu zimeganda, mimi naandika "mwendo hafifu" na sijadanganya. Sampuli ikae kwenye joto la kati ya digrii 20 na 37, ifike na kuangaliwa ndani ya saa moja, na ikiwezekana itolewe palepale kituoni. Kabla ya hapo kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Na kipimo kimoja hakitoshi, rudia.

DerevaWaNamanga (Arusha)

Nilitolea nyumbani Kisongo, nikaja na kifodi, foleni ikanikuta njiani. Kikopo kilikuwa kwenye dashibodi. Sigara ni chache tu, za usiku. Malaria nilipata, kama mwezi na nusu kabla. Kushikwa? Hakuna aliyenishika mkuu, na sijui kama nataka.

MtuWaHadubini (Moshi)

Utataka. Umeshanitajia vitu vitatu na hatujafika hata kwenye kopo.

Mbegu inachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kisha inapita kwenye mrija wa epididimisi nyuma ya korodani ambako ndiko inapata uwezo wa kuogelea. Kwa hiyo karatasi ya leo inasimulia maisha yako ya miezi mitatu iliyopita. Homa ya malaria ya mwezi na nusu uliopita imo humo. Usiku wa sigara umo. Na kiti cha gari kimo: korodani zinataka ubaridi wa digrii 2 hadi 4 chini ya mwili, ndiyo maana Mungu akazitundika nje. Madereva walipopimwa baada ya saa mbili tu za kuendesha, joto la pale chini lilikuwa limepanda karibu digrii mbili. Sisemi uache kazi. Shuka Longido, tembea kidogo, achana na suruali za kubana.

Na mtafute daktari wa mkojo na uzazi wa wanaume akushike, kwa sababu ya mishipa. Varikoseli, yaani mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani, ipo kwa kama 15% ya wanaume wote, lakini kwa wanaotafuta mtoto wa kwanza bila mafanikio inafika 35 hadi 40%. Kawaida iko kushoto, kwa sababu mshipa wa kushoto unapanda mrefu hadi kwenye mshipa wa figo na damu inarudi chini kirahisi. Damu ikituama, joto linapanda na ile oksijeni kali inaongezeka. Hakuna kidonge kinachokunja mshipa.

TibaAsiliMeru (Arusha)

Habari ndugu zangu. Kwa wenye mbegu nyepesi na uchovu wa mbegu ninayo dawa ya mizizi saba kutoka msitu wa Meru, haina kemikali, ya asili kabisa, haina madhara yoyote. Njoo inbox. Siku 14 tu unaona tofauti.

MwlBiolojia_Kibosho

Siku 14, wakati mbegu inatengenezwa kwa miezi miwili na nusu. Ndugu, angalau ungesema siku 90 watu wakuamini kidogo.

Halafu hilo la "asili haina madhara", wewe ni mtu wa huku kweli? Utupa hujauona? Ule mti wanaoupondaponda na kuumwaga mtoni samaki wakaelea, wengine wanaupulizia maharage. Sumu zilizomo ni jamii ya rotenoni, na rotenoni inaziba mlango wa kwanza kabisa wa mnyororo unaotengeneza ATP ndani ya mitokondria. Samaki anakufa kwa kukosa nishati huku maji yana oksijeni. Maabara wanaimwagia hiyohiyo mbegu ili waone mwendo unavyoshuka. Ni ya asili kabisa, inaota Kibosho bila mbolea.

Kijana_Majengo (Moshi)

Mizizi saba imekutana na mwalimu mmoja 😂😂

MwlBiolojia_Kibosho

Nikishamaliza na huyo, nina hoja na mleta mada pia. Mkuu umeieleza mitokondria vizuri ila umeipa sifa zote peke yake, na hapo wanasayansi wenyewe hawajapatana. Mitokondria ziko mwanzoni mwa mkia tu. Mkia wa mbegu ya binadamu una kama mikroni 50 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kuna hoja ya siku nyingi kwamba ATP ya pale juu haiwezi kufika ncha kwa kasi inayotakiwa. Sehemu iliyobaki ya mkia ina vimeng'enya vyake vya kuvunja sukari papohapo bila oksijeni. Mwaka 2004 walitengeneza panya waliokosa kimeng'enya kimoja cha sukari ambacho kipo kwenye mbegu tu. Mitokondria zao zilivuta oksijeni kama kawaida, lakini mbegu hazikwenda mbele na madume yale hayakuzalisha.

Na kuna watu wana mitokondria nzima, sukari ipo, ila mkia wenyewe una kasoro. Msweden Bjorn Afzelius aliandika mwaka 1976 kuhusu wanaume ambao mikia ya mbegu zao ilikosa mikono ya daineni. Haohao walikuwa na kikohozi na mafua yasiyoisha tangu utotoni, kwa sababu vinyweleo vya njia ya hewa vimejengwa kwa muundo uleule, na baadhi yao moyo uko kulia. Hao hata uwape vitamini za dunia nzima.

MtuWaHadubini (Moshi)

Mwalimu nakubali, na nafurahi umelileta. Mbegu za binadamu zikiwa na glukosi zinaweza kuogelea hata mitokondria zikizimwa kwa dawa, hilo limeonekana. Lakini ukizipaka rangi zinazoonyesha chaji ya mitokondria, zenye chaji kubwa ndizo zenye mwendo mzuri, na hilo linajirudia. Ninavyoona mimi, kwa binadamu mitokondria ni kioo cha afya ya mbegu nzima kuliko kuwa pipa pekee la mafuta. Mbegu iliyoungua kwa joto au iliyokaa kwenye usaha, mitokondria ndizo zinazoonyesha mapema.

Na kwa Dereva: hizo rangi za kupima chaji ni za utafiti, hazimo kwenye kipimo ulichofanyiwa. Kwa hiyo aliyekuambia mitokondria zako zimelala hakuzipima. Alikuuzia kopo.

MkeWaMrombo (Arusha)

Naomba kuchangia kama mwanamke maana naona baba zetu mnaongea mikia tu.

Mimi nimepigwa picha ya mirija, nimepimwa homoni, nimefanyiwa ultrasaundi sijui mara ngapi, nimekunywa vidonge vya kupevusha mayai. Kila Desemba tukipanda Rombo mama mkwe ananiwekea sahani ya kiburu mbele yangu, ananitazama tumbo, anapumua. Mume wangu hajawahi kupeleka hata tone maabara. Ukimwambia anasema "kwetu hakuna mgumba". Kuna kituo tulikwenda wote wawili, daktari akaandika vipimo sita vyangu na kwake hakuandika hata kimoja. Nikauliza, akacheka.

MtuWaHadubini (Moshi)

Pole sana dada. Hilo la kucheka halikubaliki. Upande wa mwanaume unahusika katika karibu nusu ya wanandoa wenye shida hii, peke yake au pamoja na upande wa mke. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote ulivyotaja, hakina sindano, hakina maumivu. Kilipaswa kuwa cha kwanza, sambamba na chako.

Kijana_Majengo (Moshi)

Swali la kizushi. Kama mitokondria ndiyo nguvu ya mbegu, basi mzee wangu ndiye kanirithisha, nimlaumu yeye?

MwlBiolojia_Kibosho

Mzee wako hana hatia. Mitokondria zako zote ulizipata kwenye yai la mama. Zile za mbegu ya baba zikiingia kwenye yai zinawekewa alama na kuvunjwavunjwa, na utafiti uliotoka 2023 ulionyesha kwamba mbegu iliyokomaa karibu haina DNA kamili ya mitokondria hata kabla ya kuingia.

Hapo kuna jambo tamu. Hitilafu ya DNA ya mitokondria inayomdhuru mwanaume tu, isiyomgusa mwanamke, haina wa kuichuja, kwa sababu mwanaume haipeleki popote. Dada mzima anairithi, anaipitisha kwa watoto, na kaka yake ndiye anayeumia. Wanasayansi wanaiita laana ya mama.

MkeWaMrombo (Arusha)

Ngoja. Yaani mitokondria za mbegu za mume wangu zimetoka kwa MAMA MKWE?

MwlBiolojia_Kibosho

Zote.

MkeWaMrombo (Arusha)

Desemba hii nakwenda Rombo mapema.

Kijana_Majengo (Moshi)

😂😂😂 Dada usiiseme kabla ya kula. Subiri mbuzi ashuke jikoni kwanza.

MtuWaHadubini (Moshi)

Nimecheka hadi mwenzangu wa zamu kanishangaa. Ila kwa haki ya mama wa watu: wanaume wengi wenye mwendo hafifu hawana hitilafu ya kurithi ya aina hiyo. Ni mishipa, joto, maambukizi, moshi, kisukari, unene wa tumbo, au sababu isiyoonekana.

ChumaNjiro (Arusha)

Wakuu, mimi niko gym miaka, mwili upo, nguvu za kiume ziko juu. Nachoma testosteroni kidogo, si ndiyo homoni ya uanaume? Mwendo si utakuwa vizuri tu?

MtuWaHadubini (Moshi)

Kaka soma hii mara mbili. Sindano ya testosteroni inazima kiwanda. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, unaacha kutuma ishara kwa korodani, korodani zinaacha kutengeneza, na homoni ya ndani ya korodani ambayo mbegu zinaihitaji inaporomoka. Baadhi wanafika sifuri kabisa. Nguvu kitandani iko juu, karatasi imeandikwa hakuna mbegu. Wengi hurudi wakiacha, lakini ni kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Nenda kwa daktari akusimamie kuacha. Mitokondria zako hazina habari hapo, hakuna mbegu ya kuzibeba.

MpagaziMarangu

Na sisi wa mlimani? Napanda Kibo msimu mzima, kule juu hewa hakuna. Mke wangu anasema ndiyo sababu.

MwlBiolojia_Kibosho

Wapanda milima waliokaa wiki nyingi juu ya mita 5,000 huko Asia waliporudi idadi ya mbegu ilikuwa imeshuka, kisha baadaye ikarudi. Wewe unalala Kibo Hut usiku mmoja, unafika Uhuru mita 5,895, unashuka. Si kitu kilekile. Mimi ningeuliza kwanza mizigo, usingizi na zile siku ambazo hauko nyumbani. Mkeo akiwa kwenye siku za kushika mimba, wewe uko kambi ya Horombo.

PulizaUsaRiver

Mimi nafanya shamba la maua, upande wa kupuliza dawa. Je?

MtuWaHadubini (Moshi)

Swali zito na sitaki kukutisha bila kujua unapuliza nini. Mfano unaofahamika ni DBCP, dawa ya minyoo ya udongo. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja California waligundua wenyewe kwamba hawazai, wakapimwa, wengine hawakuwa na mbegu hata moja. Maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya ndizi Amerika ya Kati nao waliathirika. Ile iliua seli mama za mbegu, si mwendo tu. Dai barakoa na glavu, oga kabla ya kurudi nyumbani, andika majina ya dawa unazotumia, na daktari umwonyeshe orodha hiyo.

DerevaWaNamanga (Arusha)

Nimerudi wakuu. Nimeshikwa. Nilifumba macho. Mzee wa watu kanisimamisha, kaniambia kohoa, akasema kushoto ipo, inashikika vizuri. Nimerudia kipimo palepale hospitali: zinazokwenda mbele 22, mwendo wote 36. Yaani dashibodi peke yake ilikuwa inanila. Usaha hakuna. Tunajadiliana upasuaji, kanieleza kwamba si kila mtu anahitaji, ila kwa kuwa inashikika na karatasi iko chini, inafaa kufikiriwa. Mke wangu naye anapimwa, tumekwenda pamoja. Sigara nimeacha.

Kopo je? Limebaki nusu.

MtuWaHadubini (Moshi)

Safi sana. Kuhusu kopo nitasema ukweli. Kwenye makaratasi wazo ni zuri: kama tatizo ni oksijeni kali, mpe mtu vitamini C, E, zinki, karnitini, koenzaimu Q10. Kuna majaribio madogo yaliyoona mwendo ukipanda kiasi kwa Q10 na karnitini. Lakini majaribio makubwa yamevunja moyo. Marekani mwaka 2020 jozi 2,370 za wanandoa ziliingizwa kwenye jaribio la zinki na asidi ya foliki, watoto waliozaliwa hawakuongezeka, na wanaume waliomeza walisumbuliwa tumbo zaidi. Mwaka huohuo mchanganyiko wa vitamini kadhaa ulijaribiwa kwa wanaume wenye shida kama yako, na mbegu hazikubadilika. Kumbuka pia mbegu inaitaka oksijeni kali kidogo, kwa hiyo kuifuta yote si lengo.

Limalize au liache, halitakuua. Usinunue la pili. Laki na themanini ni nauli ya kliniki na mboga za wiki kadhaa.

Na ikishindikana yote bado kuna njia. Tangu 1992, kazi iliyoanzia Brussels, mbegu moja inaweza kuchomwa moja kwa moja ndani ya yai maabara, haihitaji kuogelea. Ni ghali, kwa hiyo tumalize kwanza yaliyo karibu.

MkeWaMrombo (Arusha)

Jamani. Nilimwachia huu uzi wazi kwenye simu, nikaenda kuoga. Nimerudi kaufikisha mwisho, kanuna, halafu kasema atapima. Kwa masharti: twende Moshi ambako hakuna anayemjua, na kikopo nibebe mimi.

MtuWaHadubini (Moshi)

Mbebee dada. Lakini mkifika Moshi mwombeni chumba atolee hapohapo, msije nacho kutoka Arusha. Akigoma kabisa, lala Moshi usiku huo, asubuhi kiweke ndani ya nguo kigusane na mwili, andika saa aliyotoa, na usipitie soko la Memorial hata kama nguo za mtumba zimefunguliwa leo.